Pengo Juu ya Ukuta wa Mutiso

Jumatatu, 3 Septemba 1979

"Mtu akinyamaza vya kutosha, ugomvi hujimaliza wenyewe." Mutiso aliniambia hivyo mwezi wa saba, na mpaka leo sijamaliza kumjibu. Ni uongo. Ugomvi haujimalizi. Hulala tu, ukingoja mwenye nguvu ashinde bila jasho. Mimi nilifukuzwa ualimu kwa kukataa kunyamaza, na sijuti. Walionyamaza wangali wanaomba chaki.

Historia mpaka saa nne usiku. Mapinduzi ya Ufaransa, mara ya tatu. Mtihani wa kidato cha sita ni Novemba. Nimeanguka mara mbili. Nina miaka arobaini na saba, na makarani wenzangu kwenye bohari ya mbao huniita Mwanafunzi. Wacheke.

Mafuta ya taa yamebaki kidogo. Mbu wengi.

Nikiwa nafunga kitabu, gramafoni ya Mutiso ikaanza kulia upande wa pili wa ukuta. Kumbe amerudi kutoka kwao Machakos. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Nikagonga ukuta. Hakujibu.

Alhamisi, 6 Septemba

Niandike hili, nisije nikalisahau uzeeni. Hapa Shauri Moyo safu yetu iko chini ya paa moja, na kuta za kati hazifiki juu. Zinaacha pengo la kupitisha mkono. Jirani akikaanga vitunguu, ninakula kwa pua. Akikosana na mkewe, najua mwenye makosa. Wengine wameziba pengo kwa maboksi. Mimi na Mutiso hatukuziba.

Alikuwa dereva wa mwalimu mmoja wa kizungu. Mzungu alipoondoka alimwachia kreti ya sahani za muziki wa roki, gramafoni ya betri, na kitabu chembamba cha Watao, wahenga wa kale wa Uchina. Kitabu hicho amekisoma miaka kumi, kwa kamusi. Mimi nilikisoma kwa usiku mmoja, nikakikuta na makosa kila ukurasa. Njia isiyotajwa, nguvu isiyosukuma, mtawala asiyetawala. Dini ya watu wenye chakula.

Lakini sahani zile! Hapo hatukuwahi kubishana. Gitaa la umeme linanguruma kama msumeno wa bohari, mpiga ngoma anapigana na wenzake wote, na mwimbaji anadai haki yake hadi sauti inakatika. Huo ni muziki wa mtu mwenye hoja. Tuna utaratibu wetu. Sahani ikiisha upande mmoja, Mutiso hugonga ukuta mara tatu. Mimi nikisema "geuza", anageuza. Nikisema "acha", anazima na sisi sote tunalala. Miaka minane hivyo.

Tangu Jumatatu, hakuna kugonga.

Jumanne, 11 Septemba

Mambo matatu yamenikera.

Kwanza. Sahani ya leo saa nne ilianza na upande wa kwanza. Mutiso huanza na upande wa pili, daima. Husema upande wa pili una njaa zaidi.

Pili. Sahani ilipoisha, sindano iliachwa ikikwaruza. Kwaru, kwaru, kwaru, labda dakika tano. Mutiso hutunza sindano zake kama mboni ya jicho. Hawezi kuacha sindano ikikwaruza hata nyumba ikiungua.

Tatu. Saa tisa usiku nimeamshwa na sahani ileile, upande wa pili. Chini sana, kama inayochezwa chini ya blanketi. Ikaisha. Haikukwaruza.

Kando ya hayo, nasikia kalamu ya Mwende, binti yake, ikikwaruza karatasi. Yuko kidato cha nne, naye ana mtihani Novemba. Kila usiku wanafunzi wawili, ukuta mmoja. Ananikoromea kwa kalamu. Yeye atapita.

Jumamosi, 15 Septemba

Nimenunua supu sokoni Burma, nikaipeleka kwa Mutiso. Syombua mkewe akafungua mlango upana wa uso wake tu. Akapokea supu. Akasema mzee amelala, ana ugonjwa wa koo, daktari amemkataza kabisa kusema.

Mtao aliyeandikiwa kimya na daktari. Nimeshindwa kujizuia, nikacheka. Yeye hakucheka.

Viatu vya Mutiso viko nje ya mlango, vimepakwa rangi, vimeelekea nje. Viko hapo kila asubuhi tangu arudi. Visigino havina vumbi.

Jumatatu, 17 Septemba

Nimepanda juu ya stuli nikahutubia pengo kwa saa nzima, bila kuchungulia, maana hiyo ndiyo adabu ya safu. Nimemweleza Mutiso kwamba Utao wake ndio uliowalaza wakulima wa Uchina hadi wakaamshwa na bunduki. Kwamba maji hayashindi jiwe kwa upole, yanalishinda kwa wingi na kwa miaka, na masikini hana miaka. Nilikuwa katika hali nzuri sana. Sijawahi kusema vizuri hivyo.

Jibu: kikohozi kimoja. Kikavu, kama chake.

Nimeumia. Heri anitukane. Mtu uliyebishana naye miaka minane akikukoholea tu, amekuzika.

Ijumaa, 21 Septemba

Safu imeharibika vichwa. Mama Wanjiru wa chumba cha mwisho anasema alimwona Mutiso alfajiri bombani. Nilimuuliza alimwona vipi. "Mwalimu, niliona koti. Na kofia. Miguu sikuiona."

"Kulikuwa na giza."

"Giza lilikuwa limefika wapi? Magoti?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyekwenda bombani peke yake jioni. Fundi wa viatu amehamisha benchi lake. Mtu amemwaga majivu kizingitini pa Mutiso, na Syombua ameyafagia bila neno. Wanasema mle ndani hamna mtu, mna kitu.

Aibu. Watu wazima, na mji mkubwa, na redio katika kila nyumba. Mtu mgonjwa amelala kitandani kwake nao wanamfanya mzimu kwa sababu hajapiga kelele. Na yeye anawaacha. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Neno moja dirishani lingemaliza yote.

Kama yeye hasemi, nitasema mimi.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimeandika barua kwa ofisi ya nyumba. Kurasa tatu. Nimedai afisa aje, amwone mpangaji kwa macho yake mbele ya safu nzima, atangaze kwamba yu hai, na ujinga huu ukomeshwe. Nimeupiga ushirikina kutoka kila upande. Aya ya nne ni kali mno. Nimeiacha.

Nimeipeleka mwenyewe kabla hawajafunga saa sita. Barua nzuri. Nimekula vizuri.

Jumapili, 23 Septemba, usiku

Niandike polepole.

Saa nne nilipanda stuli nikamwambia Mutiso habari ya barua. Nilimwambia kwa furaha. Ofisi inakuja, ndugu yangu, utasimama uonekane.

Kalamu ya Mwende ikasimama. Kikohozi hakikuja. Kisha nikasikia kitu kizito kikiburutwa hadi ukutani, na vidole vinne vikatokea juu ya ukuta, karibu na uso wangu. Nusura nianguke.

Vidole vya mwanamke. Sauti ya Syombua.

"Mwalimu. Mutiso tulimzika tarehe kumi na nane mwezi wa nane."

Nilishika ukuta kwa mikono miwili.

Akaniambia yote kwa kunong'ona. Nyumba ni ya jina la Mutiso. Mpangaji akifa, nyumba inarudi ofisini, inapewa aliye kwenye orodha. Mjane anapewa siku chache za kufunga vyombo. Wangerudi Machakos mwezi wa nane, na mtihani wa Mwende uko hapa, shule ya hapa, Novemba. Kwa hiyo hakumtangaza redioni. Hakuita kamati ya mazishi. Hakuna kuchanga, hakuna basi lililoandikwa jina la marehemu. Mutiso, mtu aliyechangia kila jeneza lililotoka katika safu hii, alizikwa kama mtu asiyekuwa na majirani.

Koti bombani ni Syombua. Viatu ni Syombua. Kikohozi ni Syombua, alijifunza kitandani kwa mgonjwa. Sahani ni Syombua, anaiweka saa nne Mwende anapoanza kusoma, ili safu isikie kuna mwanamume ndani. Hajui mambo ya pande. Haondoi sindano kwa wakati kwa sababu anakuwa analia.

"Saa nne tu?" nilimuuliza.

"Saa nne tu. Saa sita sisi sote tumelala, Mwalimu."

Sikumwambia ya saa tisa.

Kabla hajashuka alisema hivi, na sitasahau mpaka nife: "Wewe ni mtu wa maneno. Sisi tulikuogopa wewe kuliko wote."

Jumatatu, 24 Septemba

Sikwenda kazini. Nimekwenda ofisi ya nyumba kuirudisha barua. Karani akatabasamu. Akaniambia barua imesomwa na ofisi nzima, na aya ya nne imesomwa kwa sauti mara mbili. Nikasema nilikosea. Akasema hapana mzee, usijishushe, umeandika ukweli. Faili limeshakwenda kwa mkaguzi.

Maisha yangu yote nimetaka kusomwa hivyo.

Jumanne, 25 Septemba

Siwezi kusoma. Mwende naye hasomi. Kimya kwenye kalamu.

Nimelia kidogo kwa Mutiso. Nimechelewa mwezi na zaidi. Nilikuwa nabishana na maiti, na nilidhani nashinda.

Saa tisa, upande wa pili. Nilikuwa macho nikingoja. Nilipanda stuli. Taa yao ilikuwa imezimwa. Nilisikia pumzi za watu wawili waliolala, moja ndefu, moja fupi. Na sahani inazunguka.

Nilishuka nikakaa sakafuni, mgongo ukutani.

Mutiso alikuwa akisema kwamba sehemu bora ya sahani ni ule utepe mtupu kati ya wimbo na wimbo. Kwamba bila huo, nyimbo zote zingekuwa kelele moja. Mimi nilimwambia utepe ule ni plastiki tu. Leo niliusikiliza. Gitaa likakoma, na utupu ukaja, na katika utupu ule mtu akavuta pumzi. Karibu sana.

Alhamisi, 27 Septemba

Kuna habari kwamba mkaguzi anakuja kesho.

Ijumaa, 28 Septemba

Alikuja saa kumi na mbili na nusu jioni, akiwa njiani kwenda kwake. Mtu mnene, mpole, mwenye faili kwapani. Kabla hajafika, Syombua alikuwa amewasha taa na kuweka sahani, akafunga mlango nyuma yake, akasimama nje. Mwende alikuwa bombani. Alipomwona mkaguzi alikuja na ndoo yake akasimama ubavuni mwa mama. Wote wawili nje. Nilihesabu. Nilihesabu tena.

Safu nzima ilikuwa kwenye milango. Mama Wanjiru alikuwa amekuja na kigoda.

Mkaguzi akauliza mzee yuko. Syombua akasema yuko, mgonjwa, kifua na koo, na unaambukiza. Mkaguzi akarudi nyuma hatua moja. Sahani ilikuwa ikilia ndani, upande wa kwanza, wimbo wa mwisho.

"Mama, redio inaimba hata kama hakuna mtu," alisema, bila ubaya. "Mimi nataka kuona mtu, ama nisikie mtu. Nikikosa, nitaandika nilichokiona."

Kisha akafungua faili, akatoa kurasa zangu tatu, akanitafuta kwa macho.

"Nani hapa aliandika hii?"

Kila mtu alinitazama. Nikasogea.

"Ni wewe? Barua safi, mzee. Sasa niambie, wewe unakaa hapa karibu. Huyu mtu yuko ama hayuko?"

Nilikuwa nimetayarisha uongo. Uongo mzuri, wenye vifungu. Nilifungua mdomo na nikaona uso wa Mwende. Alikuwa anauangalia mdomo wangu kama mtu anavyoangalia mbwa wa jirani mnyororo unapokatika. Na nilijua kwamba nikianza sitaacha, kwamba neno la kwanza litaita la pili, na katika la kumi atanishika. Nimeshikwa hivyo maisha yangu yote. Nikafunga mdomo.

Wimbo ukaisha ndani. Sindano ikafika kwenye utupu ikaanza kukwaruza. Kwaru. Kwaru. Mkaguzi akainua uso, akasikiliza. Hata yeye alielewa. Mtu mzima aliye ndani angeinuka akaitoa. Kwaru. Kwaru. Syombua akafumba macho. Mkaguzi akatoa kalamu mfukoni.

Sindano ikainuka.

Niliisikia ikiinuka. Nikasikia mkono wa gramafoni ukirudi kwenye kiti chake, ule mgoto mdogo ninaoujua kama mgoto wa kiatu changu. Ndoo ya Mwende ilimponyoka, maji yakatiririka hadi kwenye viatu vya baba yake vilivyokuwa mlangoni. Hakuna aliyesogea.

Kisha ukutani, upande wa kwangu, mara tatu. Taratibu. Ngo, ngo, ngo.

Mkaguzi akauliza, "Anataka nini?"

Miaka minane. Kulikuwa na jibu moja tu, na aliyekuwa akiulizwa ni mimi. Nikasema, si kwa sauti kubwa:

"Geuza."

Tukasikia sahani ikigeuzwa. Kikohozi kimoja kikavu, na Syombua yuko mbele yangu, mdomo wake umefungwa. Halafu upande wa pili ukaanza, ule wenye njaa.

"Basi yuko," mkaguzi akasema. Akaandika akiwa amesimama, akatia saini, akarudisha barua yangu kwenye faili. "Mwambie apone. Na asipige ngoma sana, watu wanasoma."

Akaenda zake. Mama Wanjiru alikuwa ameshaingia ndani na kigoda chake na kufunga komeo.

Syombua alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe mpaka sahani ilipoisha. Kisha akaingia, Mwende nyuma yake, wameshikana. Akarudi. Akatikisa kichwa. Hamna mtu. Sahani iko upande wa pili, na sindano imefunikwa kwa kitambaa cha njano alichozoea kukitumia Mutiso, ambacho mkewe hajui kilikowekwa tangu Agosti.

Jumapili, 30 Septemba

Nina hoja.

Kwamba gramafoni ina springi ya kuinua sindano yenyewe. Haina. Kwamba mwizi aliingia. Hakuna dirisha la nyuma. Kwamba jirani wa upande mwingine alipitisha mkono. Pengo lake limezibwa kwa maboksi, nimekwenda kulitazama, nimeligusa, vumbi lake ni la miaka. Kwamba sote watu kumi na watano tulisikia kitu ambacho hakikuwapo. Hii ndiyo bora zaidi, lakini mkaguzi ametia saini kwamba alikisikia.

Hoja zote mbovu. Ningempa mwanafunzi sifuri.

Ninaogopa. Nimeandika. Lakini hofu hii ni ya ajabu, haitaki nikimbie. Inataka nikae nisome.

Saa nne kalamu ya Mwende ilianza tena. Nikawasha taa. Mapinduzi ya Ufaransa.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimesoma hadi saa nane. Mwende pia. Saa tisa muziki. Hatusemi juu yake. Mutiso akiweza kuinuka na kugeuza kwa ajili ya binti yake, na aniruhusu nisikilize.

Jumapili, 9 Desemba

Mtihani umekwisha wiki kadhaa sasa. Wa Mwende umekwisha. Alipotoka kwenye karatasi ya mwisho alikuja mlangoni kwangu, akasema "Mwalimu, nimejibu yote," akaondoka. Wangu pia nimeujibu. Kuhusu mapinduzi niliandika kurasa tano badala ya kumi. Sijui imekuwaje.

Jana Syombua amekwenda ofisini mwenyewe, akasema mumewe amefariki. Hakusema lini na hawakumwuliza. Usiku amewaita majirani. Tukachanga, kwa kuchelewa. Mama Wanjiru alilia kuliko wote. Fundi wa viatu aliomba vile viatu avitengeneze visigino kabla havijapelekwa nyumbani, ingawa havina kasoro. Mimi nilitakiwa kutoa hotuba. Nilisimama, nikamtazama kila mmoja, nikakaa. Walisema ilikuwa hotuba nzuri.

Leo asubuhi lori limewachukua. Kreti ya sahani imekwenda, gramafoni imekwenda. Kitabu cha Watao ameniachia mimi. Kina alama za penseli za Mutiso pembeni, na katika sehemu nyingi ameandika neno moja: jina langu, na alama ya kuuliza.

Nyumba ni tupu. Nimepanda stuli nikatazama. Sakafu, msumari mmoja, mwanga wa jua.

Ukurasa ufuatao nitaurarua niuweke juu ya ukuta, kwa mwenye kupewa chumba kile Januari.

Wewe utakayekuja. Utaona pengo. Utataka kulitia boksi, kwa sababu ya vitunguu na kwa sababu yangu, watakuwa wamekuambia habari zangu. Usizibe. Sitakusumbua kwa maneno. Lakini usiku, ukisikia ukuta wako umegongwa mara tatu na hujui ni nani, usiite mtu, usiandike barua. Sema geuza.

Hivi sasa ni saa tisa za usiku. Nasikiliza.